Amani Mashinani

Amani Mashinani ni njia ya upatanisho iliyokuzwa na waumini wa Jimbo Katoliki la Eldoret, kaskazini mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, chini ya Askofu Cornelius Korir (1950–2017). Jina hilo lilijulikana zaidi mwaka 2009, Korir alipolifanya kichwa cha kitabu chake kuhusu kazi hiyo. Mashinani ni kule chini, kwa mwananchi wa kawaida, na ndiko njia hii inakoanzia: kwa mkulima, mfugaji, mama muuza mboga na kijana aliyeshika upinde.

Korir alikabidhiwa jimbo mwaka 1990. Hakuwa ametimiza miaka miwili kazini mapigano ya kikabila yalipozuka, yakaendelea hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 na baada yake. Mzizi wa ugomvi ulikuwa ardhi. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa, na Wakikuyu wengi wakanunua na kuhamia eneo ambalo Wakalenjin wanalihesabu kuwa lao tangu enzi za mababu. Kila uchaguzi ulipokaribia, wanasiasa walilichochea jeraha hilo. Jirani wa miaka mingi, ambaye watoto wake walisoma darasa moja na wa mwenyeji, akaingizwa katika lile neno baya: madoadoa, mabaka ya kufutwa.

Pigo zito zaidi lilikuja baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na watu zaidi ya 600,000 wakakimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa dogo la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia humo. Mjini Eldoret, maelfu walijazana katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Korir aliwafungulia lango, kama alivyokwisha kuwafungulia wakimbizi wa mapigano yaliyotangulia.

Hapo pana jambo ambalo Wakristo wa Kenya hawana budi kulitazama bila kupepesa macho. Wengi wa waliokimbia walikuwa wamebatizwa. Wengi wa waliowakimbiza pia. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK) lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walishindwa kukabili janga hilo kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Hata jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, zilikuwa na udhaifu wake. Jumuiya hukusanya familia chache za jirani kusali, kusoma Injili na kusaidiana. Mahali ambapo majirani wote ni wa kabila moja, jumuiya nayo huwa ya kabila moja, na majeraha yanayosimuliwa baada ya sala huwa ya upande mmoja tu.

Amani Mashinani haikuukwepa ukweli huo, iliuanzia. Baada ya mapigano kutulizwa, wapatanishi hawakukimbilia kuwaita mahasimu kwenye mkutano mmoja wa kupeana mikono. Walianza na mtu mmoja mmoja: mzee anayesikilizwa, kiongozi wa vijana, mwanamke aliyefiwa. Kisha vikundi vidogo. Kisha kila kabila lilikaa peke yake, likasema machungu yake yote, hata matusi, bila mgeni wa kuwaziba midomo. Katika vikao hivyo hivyo watu waliulizwa wao walimtendea nini mwenzao, na swali hilo ndilo gumu kuliko yote. Wajumbe wa pande mbili walikutana baadaye tu, wakiwa na hoja zilizokwisha kupangwa, na walichokubaliana walirudi nacho nyumbani ili watu wao wakipime. Kazi hii ilichukua miezi, mahali pengine zaidi. Mkataba wa kitaifa ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008 na ulizuia mauaji zaidi, lakini saini ile haikumrudisha mtu shambani kwake katika eneo kama Burnt Forest, karibu na Eldoret. Kilichomrudisha ni jirani aliyemhakikishia kwamba hatachomewa tena nyumba.

Hatua ya mwisho ilikuwa miradi ya kuunganisha watu: barabara, shule, daraja, josho la mifugo. Tazama josho. Kupe hachagui ng'ombe wa kabila gani. Josho linahitaji maji, dawa, ada ya kila mnyama na kamati inayoaminiwa na wote, na wachungaji hulazimika kusubiri zamu pamoja asubuhi nzima. Mtu anayesubiri zamu huzungumza. Anayezungumza na jirani kila wiki husikia mapema kunapokuwa na fununu ya shari, na ana wa kumuuliza.

Uchaguzi wa 2013 ulipita kwa utulivu Eldoret. Muungano wa Uhuru Kenyatta, Mkikuyu, na William Ruto, Mkalenjin, ulichangia sana, na si haki kuupa upatanisho wa vijijini sifa yote. Hati za mashamba, fidia na adhabu kwa waliopanga mauaji ni mambo ya serikali na mahakama, na mengi hayakukamilishwa. Katika Bonde la Kerio, ambako jimbo hilo limefanya kazi ya amani kati ya Wapokot na Wamarakwet kwa miaka mingi, wizi wa mifugo kwa bunduki umeendelea kuua watu.

Korir alifariki tarehe 30 Oktoba 2017, siku nne baada ya uchaguzi wa marudio wa urais. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, pale pale alipowapokea wakimbizi.