Taa ya Motokaa na Jicho la Mpita Njia

Usiku uingiapo katika barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, msomaji, utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. Utaona motokaa zikikimbia na nuru mbele yake, kama mtu aliyenyosha mkono kupapasa njia. Na utaona watu, wengi kwa miguu, wengine kwa baiskeli na pikipiki, wakipita kingoni mwa lami hiyo hiyo katika giza. Barabara hii hupita Ukunda, huigusa Msambweni, kisha huendelea Ramisi mpaka mpakani. Mama atokaye dukani, mtoto atokaye chuoni, mvuvi aelekeaye ufuoni na wavu begani, wote hukutana na taa za motokaa uso kwa uso. Dereva asipowaona, wao ndio wadhurikao. Na dereva mmoja akimpofusha dereva mwingine, vilevile wao ndio wadhurikao. Kwa hiyo taa ya motokaa yadaiwa vitu viwili vinavyogombana: imwonyeshe mwenyewe njia, wala isimnyang'anye mwenziwe macho. Insha hii yahusu ugomvi huo na jinsi mafundi walivyojaribu kuusuluhisha, hata katika motokaa za spoti ambazo, kama tutakavyoona, ndizo zenye shida kubwa zaidi.

Taa za motokaa za zamani sana hazikumwudhi mtu. Nyingi zilikuwa karabai: maji yalidondoka juu ya mawe ya kabidi, hewa ikatoka, na hewa hiyo ikawaka mbele ya kioo. Jina hilo wavuvi wetu wamelihamishia taa ya mafuta isukumwayo kwa pampu, ile wanayoitumia kuwavuta dagaa usiku. Taa za umeme zilikuwako, lakini ni mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipoanza kuuza motokaa zake zote zikiwa na taa za umeme pamoja na stata ya umeme, na wengine wakafuata. Nuru ikazidi nguvu, na malalamiko yakazidi pamoja nayo. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilitoa balbu yenye nyuzi mbili ndani yake, ikaitwa Bilux. Uzi mmoja ulitoa mwanga wa mbali, na wa pili mwanga wa karibu ulioinama. Ndipo dereva alipoweza kushusha mwanga wake kwa heshima ya ajaye, pasipo kuondoka kitini.

Walakini balbu hiyo ilitegemea jambo moja ambalo halikusemwa: kwamba gari hukaa sawa siku zote kama lilivyokaa siku fundi alipolipima taa. Gari halikai hivyo. Ukitia abiria wawili na magunia ya nazi nyuma, springi za nyuma hulala, pua huinuka, na taa huinuka pamoja na pua. Mwanga ulioinamishwa kwa heshima huwa umeinuliwa kwa jeuri, na dereva mwenyewe hana habari.

Yafaa tulipige jambo hili hesabu. Chukua motokaa ya spoti ya Kijapani, Datsun 240Z, iliyotokea mara ya kwanza mwaka 1969. Toka gurudumu la mbele hata la nyuma ina kama sentimita 230 tu. Tuseme taa zake ziko sentimita 65 juu ya ardhi, na fundi ameuinamisha mwanga kwa kadiri ya kawaida, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Mwanga huo utagusa ardhi umbali wa mita 65, na hapana atakayeudhika. Sasa pakia mizigo, mkia ushuke sentimita 5 peke yake, na mbele pasibadilike. Gawanya 5 kwa 230, utapata zaidi kidogo ya 2 katika 100. Pua imeinuka kwa kiasi hicho, na mwanga ulikuwa umeinamishwa 1 tu katika 100; kwa hiyo mwanga uliokuwa ukishuka sasa wapanda. Umbali wa mita 50 umefika kimo cha karibu sentimita 124, juu ya macho ya dereva wa gari dogo. Umbali wa mita 75 uko sentimita 153, usoni pa mtu mzima asimamaye kando ya njia. Rudia hesabu hiyo kwa Peugeot 504 ya stesheni wagoni, ambayo magurudumu yake yameachana sentimita 290. Mkia ukishuka sentimita zile zile 5, na taa zikiwa kimo kile kile, mwanga hufika sentimita 101 tu kwa mita 50, chini ya macho ya dereva ajaye. (Ni kweli kwamba stesheni wagoni zilizochukua abiria zilishuka kupita sentimita 5, jinsi zilivyojazwa; lakini hilo si kosa la hesabu.) Gari fupi, basi, huadhibiwa na mzigo kuliko gari refu, na motokaa za spoti aghalabu ni fupi.

Waliotangulia kulishughulikia jambo hili kwa bidii ni Wafaransa wa kampuni ya Citroën. Motokaa yao ya watu wa shamba, 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948, ilikuwa na springi laini mno, hata mzigo mdogo uliiinamisha. Kwa hiyo walitia kifundo ndani, dereva akizungusha, taa zote mbili zashuka. Ni dawa nzuri, ila yamtegemea dereva akumbuke. Mwaka 1967 kampuni hiyo hiyo ilibadilisha uso wa motokaa yake kubwa, DS, na safari hii haikumwachia dereva kazi. Taa za mwanga wa karibu ziliungwa na mitambo ya springi za mbele na za nyuma, hata mkia ukishuka taa nazo huinama zenyewe. Na taa za ndani ziliungwa na usukani, zikageuka kuifuata kona. Mwaka 1970 motokaa yao ya spoti, SM, ilizaliwa nazo. Kule Marekani sheria ya taa ya wakati huo haikuziruhusu, na motokaa hizo ziliuzwa huko na taa za kawaida zisizogeuka.

Turudi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano makubwa ya motokaa kwa ukumbusho wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Mara nyingi njia yake ilishuka mpaka Mombasa. Datsun 240Z ile tuliyoipigia hesabu ilishinda mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Na mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na mpinzani wake Harry Källström walimaliza kwa alama sawa kabisa, ikabidi kanuni itafutwe ya kuwatenga. Vitabu vya mashindano hukumbuka hayo. Mimi ningependa ukumbuke jingine: Safari ile haikufungiwa barabara. Ilikwenda usiku na mchana katika njia za watu wote, wenye ng'ombe, wenye mikokoteni, na watoto waliokaa ukingoni kushangilia. Motokaa ya mashindano ilibeba magurudumu ya akiba, vyombo na petroli nyuma, na mbele ilifungwa taa za ziada zenye nguvu. Kwa dereva ilikuwa lazima, maana alitafuta mashimo na ng'ombe kwa kasi ya ajabu. Lakini vijana wengi walioiona waliipenda ile safu ya taa kuliko walivyoupenda ustadi wa dereva, na wakafunga mfano wake katika magari yaliyokuwa hayaendi mbali zaidi ya sokoni.

Nguvu za taa ziliendelea kukua. Balbu za halojeni zilitokea Ulaya mwaka 1962. Mwaka 1991 kampuni ya BMW ilitoa gari kubwa lenye taa za zenoni, ambazo hazina uzi bali huwaka kwa cheche ndani ya gesi. Nuru hupimwa kwa lumeni: balbu ya halojeni ya aina ya H4 hutoa kama 1,000 katika mwanga wa karibu, na ya zenoni kama 3,200. Kosa lililokuwa dogo likawa kubwa mara tatu. Ndiyo sababu Kanuni ya 48 ya Umoja wa Mataifa, ifuatwayo na nchi za Ulaya, kwa miaka mingi ilidai kwamba taa ya mwanga wa karibu yenye balbu ipitayo lumeni 2,000 ijisawazishe yenyewe, tena iwe na chombo cha kuiosha kioo.

Je, mwenye motokaa ya spoti ya kale, iliyozaliwa kabla ya hayo, aweza kuitia mtambo huo? Aweza, na wako wafanyao hivyo. Hufungwa vihisi viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma; kila kimoja kina mkono mdogo uliounganishwa kwa fimbo na mkono wa springi. Springi ilalapo, fimbo huusukuma mkono, na kihisi hupeleka umeme uliobadilika kidogo kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta hulinganisha mbele na nyuma, kisha huamuru mota zilizo nyuma ya taa zivute au zisukume. Katika 240Z taa ni za duara za inchi 7, zimeshikwa kwa skrubu za kurekebishia. Basi skrubu ya juu na chini hutolewa, na mota huchukua mahali pake. Ugumu hauko katika kufunga. Fimbo ikifungwa karibu mno na bawaba ya springi husogea kidogo, na mtambo hudhani mzigo ni mwepesi. Ikifungwa mbali mno, taa huinama kupita kiasi. Tena hapana budi gari lisimamishwe mahali tambarare mbele ya ukuta, likiwa tupu, kompyuta ifundishwe kwamba hapa ndipo mwanzo. Ndipo marafiki wakae nyuma, mwanga utazamwe ukutani. Fundi afanyaye kazi hii juu ya ardhi yenye mteremko ameifundisha kompyuta uongo, nayo itausema kila usiku.

Yako pia yasiyowezekana. Mtambo huu hupima bodi na magurudumu, haupimi ardhi. Gari lipandapo kutoka Kombani kwenda Kwale, au litokapo ferini Likoni na kukabili mteremko wa gati, magurudumu yote yameinama pamoja na bodi. Vihisi huona mambo ni sawa, na mwanga hupiga nyuso za umati unaongoja kuvuka. Wala mtambo hausaidii kitu ikiwa mtu ametia balbu ya zenoni katika taa iliyoundwa kwa halojeni. Hapo nuru hutawanyika kila upande. Kuisawazisha ni kama kuyaelekeza maji yaliyokwisha mwagika.

Siku hizi magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Mombasa hutoka Japani, na baadhi yake huja na vihisi hivyo tayari. Huko nako huendeshwa kushoto, kwa hiyo taa zao zafaa barabara zetu. Lakini chumvi ya bahari, vumbi la matumbawe na matuta ya barabarani havina huruma kwa fimbo nyembamba iliyoning'inia chini ya gari, na aghalabu ikikatika mwenye gari huambiwa kwamba ni kitu kidogo, gari laenda bila hicho. Jioni moja simama mahali motokaa zinapoegeshwa Diani, zikielekea ukuta. Gari lenye mtambo mzima likiwashwa taa, mara nyingi utaona nuru yake ikishuka ukutani, ikapanda, kisha ikatulia: mtambo wajipima. Kwa lile lililokatika fimbo, nuru hukaa pale pale ilipokuwa jana, awe amepanda mtu mmoja au watano.