Kipimo cha Mtoto na Ushahidi wa Mama

Huenda mwalimu amekuambia umpeleke mtoto wako kutathminiwa kwa sababu hatulii, amejitenga na wenzake au amebaki nyuma darasani. Huenda pia unaogopa kwamba atapewa jina baya. Leo tuone vipimo hivi vilitoka wapi.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kushughulikia elimu ya watoto walioshindwa na masomo ya kawaida. Alfred Binet alikuwa mwanakamati. Mwaka 1905, yeye na Théodore Simon walitoa kipimo chenye maswali na kazi 30. Nia ilikuwa kumjua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet alisisitiza kwamba akili ya mtoto hukua akifunzwa vyema.

Lakini kisu cha mboga hukata pia kidole. Mwaka 1908 Henry Goddard alikipeleka kipimo hicho Marekani, katika shule ya watoto wenye ulemavu wa akili huko Vineland. Yeye aliamini akili hurithiwa wala haibadiliki, akatetea wenye alama za chini watengwe na jamii. Kipimo cha kufungua mlango kikatumiwa kuufunga.

Katika shule hiyohiyo, mwaka 1935, Edgar Doll alitoa kipimo cha aina nyingine. Hiki kilimuuliza mtu anayemfahamu mtoto vizuri, kama mama yake: Je, anakula mwenyewe? Anavaa nguo mwenyewe? Anaweza kutembea mtaani bila kusindikizwa? Maisha ya kila siku yakawa sehemu ya kipimo.

Mwaka 1983 David Shaffer na wenzake walitoa kipimo cha alama 1 hadi 100 kinachoonyesha jinsi mtoto mwenye shida ya afya ya akili anavyomudu maisha nyumbani, shuleni na kwa marafiki. Jina la ugonjwa pekee halitoshi. Watoto wawili wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja, huyu aende shule na yule ashindwe kutoka nyumbani.

Hapa Kenya, mwaka 1984, Wizara ya Elimu kwa msaada wa Denmark ilianzisha vituo vya kutathmini watoto, maarufu kama EARC. Kazi yake ni kumtambua mtoto mapema, kumshauri mzazi na kumwelekeza mtoto panapomfaa.

Kwa hivyo mama, nenda umejiandaa. Andika shida ilianza lini, mtoto analala na kula vipi, anacheza na nani, na wapi anahitaji kusaidiwa. Taja pia anayoyaweza. Beba kadi ya kliniki na ripoti za shule. Ukificha kwa aibu, mtoto anaweza kuonekana hana shida akakosa huduma. Ukitia chumvi, anaweza kupelekwa asikofaa.

Kabla ya kuondoka uliza: Atapata msaada gani? Wapi? Atapimwa tena lini? Mtoto hukua na hali yake hubadilika.

Na mtoto akisema anataka kujiua au kujiumiza, usingoje tathmini. Mpeleke hospitali mara moja.

Wahenga walisema mficha uchi hazai.