Hen Domen: Ngome ya Udongo na Ushahidi Wake

Zitajwapo ngome za kale za Ulaya, fikra huelekea kwanza kwenye kuta na minara ya mawe. Hata hivyo Wanormani, waliotoka kaskazini mwa Ufaransa wakaiteka Uingereza mwaka 1066, walijenga nyingi za ngome zao za mwanzo kwa udongo na miti. Walichimba handaki, wakarundika udongo wake hata ukawa kilima, na juu yake wakasimamisha mnara wa mbao. Chini ya kilima uliachwa ua uliozungushiwa boma la miti.

Mojawapo ya ngome hizo ni Hen Domen, iliyoko Wales karibu na mji wa Montgomery. Ilijengwa katika miaka ya 1070 na Roger de Montgomery, bwana wa Shrewsbury, ili kulinda kivuko cha mto Severn. Mwaka 1223 ilianza kujengwa ngome ya mawe juu ya mwamba usio mbali, na ile ya kale ikapungukiwa na cheo. Hatimaye mbao zilioza. Yakabaki mahandaki na kilima kilichoota miti.

Je, historia yake ilioza pamoja na mbao? Uchimbuzi ulioongozwa na Philip Barker, na baadaye pamoja na Robert Higham, kati ya mwaka 1960 na 1992, ulithibitisha kinyume. Kwa kufuata mashimo ya nguzo na tofauti za rangi ya udongo, wataalamu hao walitambua ua uliosongamana majengo, yaliyojengwa upya mara kwa mara. Chini ya hayo yote yalionekana matuta ya shamba lililolimwa kabla Wanormani hawajafika. Hivyo wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote nao wana ushahidi wao.

Lugha nayo imehifadhi sehemu yake. Katika Kiwelisi, Hen Domen maana yake ni kilima cha kale. Mji wenyewe una majina mawili: Kiingereza huuita Montgomery, kwa jina la ukoo wa Roger; Kiwelisi huuita Trefaldwyn, yaani mji wa Baldwin, kwa kumkumbuka Baldwin de Boulers aliyeipokea ngome hiyo baadaye.

Leo mahali hapo panalindwa kwa sheria, na kupachimba bila kibali ni kosa. Ulinzi huo ni wa lazima, kwa kuwa alama za udongo zikishavurugwa hazisomeki tena. Basi jamii iliyojenga kwa miti na udongo isihesabiwe kuwa haina historia, kabla ardhi yake haijachunguzwa kwa uangalifu.