Kisu na Moto wa Mtu wa Barafuni

Wasikilizaji, mtu apatapo kisu kipya hakiamini mpaka akijaribu. Hukata kijiti, akakichonga, akatazama kama makali yanakula mti au yanateleza. Zamani, kabla ya viberiti kuenea, kisu ndicho kilichochonga ulindi, yaani kile kijiti kigumu cha kupekechea moto. Kisu kibaya, ulindi mbaya. Ulindi mbaya, usiku wa baridi. Leo nataka kuwaeleza habari za msafiri mmoja wa kale, ambaye uhai wake ulitegemea kisu, mti na moto.

Mwezi wa Septemba mwaka 1991, watu wawili walikuwa wakitembea katika milima ya Alps, karibu na mpaka wa Italia na Austria, mahali palipoinuka meta 3,210 juu ya bahari. Hapo waliona maiti imetokeza katika barafu iliyoanza kuyeyuka. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni mpanda milima wa siku hizi. Wataalamu walipoipima, waliona kwamba mtu yule alikufa yapata miaka 5,300 iliyopita, kabla ya piramidi za Misri kujengwa. Wazungu wamempa jina la Ötzi. Barafu ilihifadhi mwili wake, na pamoja nao vyombo vyake vya mti na majani, ambavyo kwa desturi huoza upesi.

Katika zama zake watu wa nchi ile hawakujua kufua chuma. Shoka lake lilikuwa la shaba. Kisu chake kilikuwa kidogo, kama sentimeta 13 pamoja na mpini, na ubapa wake ulikuwa wa gumegume, jiwe la namna ile iliyotiwa katika bunduki za zamani ili kutoa cheche. Mpini ulikuwa wa mti, nao ulifungwa kwa kano za mnyama. Kisu hicho kilikuwa na ala yake, iliyosukwa kwa nyuzi za gome la mti. Jiwe la namna hii halinolewi kama chuma. Alikuwa na kijiti mfano wa kalamu ya risasi, chenye ncha ya pembe. Kwa ncha hiyo aliubana ukingo wa jiwe, vipande vidogo vikabanduka, makali yakarudi.

Na moto je? Alichukua vilindo viwili vya magome. Ndani ya kimoja mlikuwa na vipande vya makaa na majani ya mti yaliyochumwa yakiwa mabichi. Inaonekana kwamba alikuwa akifunga kaa la moto katika majani, asafiri nalo. Tena alikuwa na uyoga mkavu uotao mitini, ambao hushika cheche upesi. Na katika uyoga huo zilionekana chembe za jiwe lenye chuma, ling'aalo kama dhahabu, ambalo likigongwa na gumegume hutoa cheche. Basi kaa likizimika, njia ya pili ilikuwapo.

Lakini mtu huyu alikuwa katika shida. Upinde wake ulikuwa haujamalizika kuchongwa. Katika podo mlikuwa na mishale 14, na miwili tu ndiyo iliyokuwa na vichwa na manyoya, nayo imevunjika. Ncha ya kisu ilikuwa imekatika. Wataalamu waliovichungua vyombo vyake walieleza mwaka 2018 kwamba vilinolewa mara kwa mara mpaka vikakaribia kwisha, wala hakuwa na jiwe jipya la kutengenezea vingine. Tena mkono wake wa kuume ulikuwa na jeraha kubwa alilopata siku chache kabla ya kufa. Mwaka 2001 picha za eksirei zilionyesha chembe cha mshale begani mwake: aliuawa kwa kupigwa kutoka nyuma.

Tusidhani, basi, kwamba watu wa kale walikuwa wajinga kwa kuwa walitumia mawe. Mtu yule alijua ni mti gani wafaa upinde na ni uyoga gani wafaa moto. Maarifa hakuyakosa; alichokikosa ni jiwe jipya, mkono mzima na nafasi ya kuumaliza upinde wake. Sisi tulio na visu vya chuma na viberiti tumerahisishiwa kazi, lakini makali yangali yataka kutunzwa, na silaha hutengenezwa kabla ya safari.