Datsun 240Z: Tunasifu Kombe, Tunasahau Waya

Wasee, muulize mzee yeyote aliyekuwa akisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka miaka ya sabini. Atakuambia kuhusu Datsun 240Z. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nayo. 1973 ikashinda tena, Shekhar Mehta akiwa kwa usukani na Lofty Drews kando yake. Mwaka huo Mehta alilingana kwa pointi na Harry Källström, ikabidi sheria za mashindano ziamue.

Hiyo ndiyo historia tunayopenda. Kuna nyingine imejificha chini ya dashibodi.

240Z ilizinduliwa mwisho wa 1969. Injini ni lita 2.4, silinda sita, na inalia vizuri ajabu. Lakini kwa zile za kuuzwa dukani, umeme wote wa taa kubwa ulipitia kwa boksi la fyuzi na swichi ya kwa usukani. Hakukuwa na relei. Siku hizo hiyo ilikuwa kawaida, na gari ikiwa mpya haina noma. Shida ni miaka 50 baadaye, shaba ikishaota kutu ya kijani na vishikio vya fyuzi vikishalegea.

Piga hesabu na mimi. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata kama ampea 9. Kishikio kichafu chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kitatoa joto la karibu wati 8, mahali padogo kama ukucha. Plastiki inayeyuka polepole.

Mzee mmoja mtaani kwetu anayo. Taa zilikuwa hafifu, fyuzi inaungua kila wiki. Fundi wa kwanza akaweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi ikaacha kuungua, boksi likaanza kutoa moshi. Fundi wa pili akasema waya zote zing'olewe. Bei aliyotaja ilimfanya mzee aanze kutafuta mtu wa kununua gari kama chuma chakavu.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, nilikuwa nasomea umeme. Nilidhani yale masomo yalipotea bure. Nikaomba multimita, tukawasha taa. Kwa betri: volti 12.2. Kwa taa: 10.1. Volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani! Nikapima hatua kwa hatua, taa zikiwa zinawaka. Nyingi zilikuwa zinaishia kwa kishikio kimoja cha fyuzi, zingine kwa athi iliyoshika kutu.

Tulisugua athi, tukabadilisha boksi la fyuzi, tukaweka relei mbili. Sasa swichi inatoa amri tu, mzigo unabebwa na waya mpya kutoka kwa betri, zenye fyuzi yake ya saizi sawa.

Mzee aliwasha taa usiku, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana, hii gari haiendi popote."

Fyuzi ikiungua inakuambia kitu. Ukiweka kubwa, umeinyamazisha tu. Kabla ununue kifaa chochote, pima. Na kama kuna mzee kwenu mwenye gari ya zamani, muulize kabla haijaenda kwa chuma chakavu.