Mshono katika Nyimbo za Makundi ya Vijana wa Korea

Wako wasikilizaji wenye elimu wasioona katika nyimbo za makundi ya vijana wa kiume wa Korea Kusini ila mwigo wa muziki wa Marekani, uliogeuka kila Marekani ilipogeuka. Na dhana hiyo, ijapokuwa haikukosa chembe ya haki, huhesabu malighafi ya sanaa ikaghafilika na ufundi wake. Malighafi iliazimwa, hilo halina ubishi: rapu, roki, disko, na mapigo ya kompyuta. Walakini ada ya kuviunganisha vitu vya asili mbalimbali ndani ya wimbo mmoja, pasipo kuuficha mshono, ilikulia Seoul. Na kwa rai yangu, tarehe ya mtindo huu ni tarehe ya mshono huo, yaani nani aliyeshika sindano, na alitaka kazi yake ionekane kwa kadiri gani.

Mnamo Aprili 1992 Seo Taiji, aliyepata kupiga gitaa la besi katika bendi ya roki nzito iitwayo Sinawe, alitokea katika televisheni ya MBC pamoja na wachezaji dansi wawili, na waamuzi wakawapa alama haba kuliko washindani wao wote. Umma ukahukumu kinyume. Mwaka uliofuata ulitoka wimbo wao “Hayeoga”, na hapo msikilizaji hana budi kutua. Gitaa linanguruma, rapu inafuata, santuri inakwaruzwa, kisha ghafla inapanda taepyeongso, zumari ya Kikorea yenye mdomo mpana wa shaba, jamaa ya nzumari ya pwani yetu, kwa ukali wake ule ule wa uwanjani. Haikulainishwa ipatane na gitaa, wala gitaa halikunyamazishwa kwa kuistahi. Sindano ilikuwa mkononi mwa mtunzi mwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa mkononi mwake, wakaguzi wa serikali walipoyakataa maneno ya “Sidae Yugam” mwaka 1995, aliyaondoa yote akautoa muziki mtupu.

Kundi la Seo Taiji lilivunjika Januari 1996, na kabla ya mwaka kwisha SM Entertainment, kampuni ya Lee Soo-man, ikawatoa H.O.T., vijana watano waliochaguliwa, wakafunzwa na kupangwa na wengine. Aghalabu kipindi hiki hulaumiwa kwa kuugeuza usanii kuwa bidhaa. Lawama ni ya haki, ila haielezi muziki. Wimbo ambao lazima ugawanywe kwa waimbaji watano, na baadaye hata 12 kama walivyoanza Super Junior mwaka 2005, kila mmoja apate fungu lake na miguu ipate mahali pa kusimama ghafla, hauwezi kutiririka kama wimbo wa mtu mmoja. Hukatwa vipande kwa dharura ya kazi, na mtunzi hodari huifanya dharura hiyo kuwa pambo. Yoo Young-jin, mtunzi mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa hodari wa namna hiyo: katika “T.O.P.” ya Shinhwa, mwaka 1999, lahani ya “Swan Lake” ya Tchaikovsky imewekwa kando ya rapu bila ya kuombewa radhi. Baadaye nyimbo zilinunuliwa hata kutoka Skandinavia, na “Mirotic” ya TVXQ, ya 2008, ina watunzi wa Denmark. Lakini mkato wa Seoul haukutoweka. Mwaka 2012 SHINee walitoa “Sherlock”, ambao si kitu ila nyimbo mbili kamili, “Clue” na “Note”, zilizopasuliwa zikashonwa kuwa wimbo wa tatu. Sijui ushahidi ulio dhahiri kuliko huo.

Wakati huo kalamu ilikwisha kuanza kurejea kwa waimbaji. G-Dragon wa BIGBANG alitunga “Lies” mwaka 2007, na BTS, walioanza 2013 kwa hip hop yenye hasira ya wanafunzi, walifika mwaka 2018 kwenye “Idol”, ambamo mapigo ya gqom, muziki wa vijana wa Durban, yanakutana na vigelele ambavyo kwavyo wasikilizaji wa pansori, uimbaji wa masimulizi wa Kikorea, humtia moyo mwimbaji. Huyo ni mjukuu halali wa “Hayeoga”.

Kisha, Agosti 2020, BTS hao hao wakatoa “Dynamite”, disko laini ya Kiingereza iliyotungwa na Waingereza David Stewart na Jessica Agombar, na kwa wimbo huo wakawa kundi la kwanza la Kikorea kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard Hot 100. Hauna mshono hata mmoja, na mshono wake ungalionekana sidhani kama ungalifika huko. Mwaka huo huo Stray Kids, ambao Bang Chan, Changbin na Han miongoni mwao ndio watunzi, walitoa “God’s Menu”, wimbo ambao kiitikio chake kimevuliwa lahani karibu yote, kikabaki vishindo na kelele za makusudi. “Dynamite” ndio uliosikika mbali zaidi. Lakini mwanafunzi atakayeniuliza aanzie wapi kuisoma ada ya Seoul, nitamwelekeza kwenye “God’s Menu”.