Bustani ya Singapore iliyotwikwa mzigo wa misitu

BUSTANI ya Mimea ya Singapore, iliyotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2015, inafahamika zaidi kwa maua yake ya okidi. Wachache wanakumbuka kwamba katika enzi ya ukoloni wa Uingereza, ofisi iliyoitunza ndiyo iliyokuwa pia idara ya misitu.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1859 na chama cha wapenzi wa kilimo na bustani. Chama kiliposhindwa kumudu gharama, serikali ya kikoloni iliichukua mwaka 1874. Mwaka uliofuata msimamizi James Murton aliwasili kutoka bustani ya Kew, Uingereza.

Wakati huo kisiwa kilikuwa kimekwisha kukwanguliwa misitu. Wakulima walipanda pilipili manga pamoja na gambir, mmea ambao majani yake yalichemshwa ili kupata dawa ya kulainishia ngozi. Kazi hiyo ya kuchemsha ilihitaji kuni nyingi. Rutuba ilipokwisha, mashamba yaliachwa, nayo nyasi kali zikatanda mahali palipokuwa na miti mikubwa.

Nathaniel Cantley, aliyechukua nafasi ya Murton mwaka 1880, alitakiwa kuchunguza hali hiyo. Ripoti yake ya mwaka 1883 ilieleza wazi kwamba misitu ilikuwa inatoweka. Serikali iliunda idara ya misitu na kumkabidhi yeye mwenyewe. Kuanzia hapo, mtu aliyeamua maua yapandwe wapi ndiye pia aliyeweka mipaka ya hifadhi, akaajiri walinzi wa kuzuia moto na wakataji haramu, na kuotesha katika vitalu vya bustani miche ya kupandwa misituni. Kilima cha Bukit Timah kilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza.

Cantley alifariki mwaka 1888, na mwaka huo huo nafasi yake ikachukuliwa na Henry Ridley, mtaalamu wa mimea. Majukumu yake hayakuishia Singapore, bali yalifika Penang na Malacca, maeneo yaliyokuwa chini ya koloni hilo hilo.

Ridley alivutiwa mno na miti ya mpira. Miche 22 ya miti hiyo, yenye asili ya Brazil, ilikuwa imefika Singapore mwaka 1877. Aligundua njia ya kugema utomvu kwa kuchanja gome mara kwa mara bila kuua mti. Alipowahimiza wakulima waipande, wengi walimcheka na kumwona mwendawazimu. Mwaka 1896 Tan Chay Yan wa Malacca alikubali kujaribu, na akaanzisha shamba la kwanza la biashara. Magari yalipoenea duniani na kuhitaji magurudumu ya mpira, Malaya iligeuka kuwa mzalishaji mkuu wa zao hilo.

Misitu haikupata bahati hiyo. Mwaka 1895 usimamizi wa hifadhi za Singapore uliondolewa mikononi mwa bustani na kupewa maafisa wa ardhi, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya mapato. Ulinzi ulilegea. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, hifadhi nyingi zilikuwa zimefutwa ili ardhi yake itumiwe kwa shughuli nyingine.

Bukit Timah ilinusurika. Mwaka 1939 iliwekwa tena chini ya uangalizi wa bustani, na mwaka 1951 sheria mahususi ya hifadhi za asili ikapitishwa. Leo shirika moja la serikali linasimamia bustani na hifadhi hizo kwa pamoja, kama ilivyokuwa zama za Cantley.

Ridley alistaafu mwaka 1912 na kufariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 100. Bustani aliyoiongoza ililipa gharama zake mara nyingi kupitia mpira. Msitu haukuwa na zao la kuonyesha mbele ya wakusanyaji mapato, na kwa sababu hiyo ulipokosa mtetezi ofisini, ulikosa pia mlinzi porini.